Moyo wa Mtu Mbaya

Jumatatu, 3 Juni 1957

Baridi kali. Nimefungua magazeni ya Kampuni, yaani ghala la vifaa vya mgodi, vidole vimekufa ganzi, nikaanza kugawa viatu na ovaroli kwa watu wa zamu. Wote walikuwa na habari moja. Mlangoni mwa ukumbi wa parokia pamebandikwa tangazo: shindano la hadithi kwa Kiswahili. Atakayeshinda ataisoma hadithi yake Jumapili ya tarehe 23 mbele ya kampi nzima ya wafanyakazi, kisha atapewa gramafoni.

Gramafoni siihitaji. Sina sahani ya muziki hata moja ya kupiga. Ninachotaka ni hiyo kampi nzima. Kampi nzima ni pamoja na wanawake, na wanawake ni pamoja na Mbombo, mke wangu, ambaye kwa sasa anapumzika kwa kaka yake Mutoshi, nje kidogo ya Kolwezi hapa.

Kupumzika ndilo neno. Majirani wanatumia neno lingine.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwezi uliopita wazungu wawili walikuja kukagua nyumba yetu, kwa sababu niliomba karte ya mtu mstaarabu, ile kadi ambayo serikali humpa mweusi anayeishi kizungu. Nilijiandaa barabara. Pazia niliazima kwa Mama Kabedi wa nyumba ya pili. Viti niliazima kwa Alfani, mwenye lori. Shida ilikuwa Kifaransa, maana Mbombo hakijui. Nikamfundisha: wakikuuliza lolote, jibu “Oui, monsieur”, yaani ndiyo bwana, na utabasamu. Mpango safi. Wakamuuliza kama anapenda kushona. Oui, monsieur. Kama anapenda usafi. Oui, monsieur. Kama mume wake humpiga. Oui, monsieur, na tabasamu zuri kuliko yote.

Sijawahi kumpiga mtu maishani. Hata mbu huwa wananiwahi.

Karte sikupata. Wageni walipoondoka, majirani wakaanza kucheka uani, na mimi nikacheka nao, nikasema nifanye nini, nimeoa jiwe. Kila mwanamume angesema hivyo. Kesho yake Mbombo akafunga nguo zake.

Sasa mpango: nishinde, nisome, anisikie, arudi mwenyewe. Hakuna haja ya kuomba msamaha. Sioni tundu lolote katika mpango huu, isipokuwa Tshilombo. Huyu ni mwalimu, ni katibu wa serkle, klabu yetu ya wastaarabu, na karte anayo. Baiskeli yake ina taa ya dinamo. Huiwasha mchana.

Nyumba kimya. Nzuri sana kwa mwandishi.

Jumatano, 5 Juni

Abbé Mwenze, padre wetu na msimamizi wa shindano, alitukusanya wote tunaotaka kuandika. Tshilombo alikaa mbele na kalamu ya wino. Nilikaa nyuma yake ili nimchunge kwa macho.

Abbé alisema hadithi ambayo watu wanatembea na kula tu ni ripoti ya polisi. Tunataka kusikia mtu anavyojisemea moyoni wakati hakuna anayemsikia. Usituambie kwamba fulani ni bahili, alisema. Mweke peke yake mbele ya kopo la sukari, mgeni yuko mlangoni, halafu tumsikie: “Huyu mgeni meno yake mabovu. Sukari itamuumiza. Kumnyima ni huruma.” Hapo hatuhitaji kuambiwa kitu.

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona huyo mtu wa sukari ana hoja.

Tshilombo aliuliza kama mawazo ya mtu yaandikwe kwa mpangilio au yavunjikevunjike kama yanavyokuja. Abbé akamsifu kwa swali. Nami nilikuwa na swali hilohilo. Nilikuwa bado sijalifikia.

Nimekula bukari, ugali wetu wa hapa, peke yangu. Umeungua. Sufuria hii kubwa haifai.

Ijumaa, 7 Juni

Utafiti. Mtu hawezi kuandika mioyo ya watu bila kuisikia. Leo magazenini nimemwuliza kila aliyefika dirishani anajisemea nini moyoni. Mukalay, fundi wa reli, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alisema moyoni anajisemea nimpe viatu. Nikamwambia aende ndani zaidi. Akasema ndani zaidi anajisemea nimpe viatu upesi. Foleni ikafika mpaka barabarani, bwana mkubwa akatoka ofisini kuuliza kama viatu vimekwisha.

Jioni nikabadili mbinu. Mama Kabedi huzungumza peke yake akifua. Nikajibanza nyuma ya mashuka yake yaliyoanikwa na kusikiliza. Alikuwa anasema sabuni siku hizi haitoi povu. Kisha akasema kuna miguu chini ya shuka lake. Kisha akamwaga maji.

Nimeeleza kwamba ni kazi ya fasihi. Akanijibu kwa heshima zote, “Tata Ngeleka, kama moyo wa muke wako ulikushinda kusikia, wangu utauweza?” Nimeona hilo si jibu la mtu aliyeelewa swali.

Kikohozi kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa Alfani alikuwa anapeleka saruji Mutoshi. Nikamwomba nafasi mbele. Nilimwambia natafuta mandhari ya hadithi. Nilikuwa nimebeba sufuria ndogo ya Mbombo, ile anayopikia mboga, ambayo aliiacha. Si kwa sababu yoyote. Mtu akienda Mutoshi mikono mitupu watu hushangaa.

Njiani nikafanya utafiti. Alfani ni mtu wa Kasongo, Mwislamu, mtulivu, na huendesha peke yake kutwa nzima. Mtu wa namna hiyo lazima ana mawazo mengi. Nikamwuliza anafikiri nini akiwa peke yake. Akasema breki. Nikamwuliza anafikiri nini breki zikiwa nzima. Akasema tangu anunue lori hilo siku hiyo haijafika.

“Na weye unafikiri nini?” akaniuliza.

Nikamwambia nafikiri fasihi. Akaitazama sufuria magotini mwangu, akabadilisha gia.

Mutoshi tulimkuta Mbombo uani kwa kaka yake, anaanika mihogo juu ya mkeka pamoja na wanawake wengine. Walikuwa wanacheka. Kitu fulani kikaniponyoka chini ya kiti, nikainama kukitafuta. Niliendelea kukitafuta. Nikamsikia Alfani akisalimia kwa sauti, na Mbombo akimwuliza amebeba nini. Alfani akasema amebeba saruji, na karani mmoja aliyepoteza ulimi chini ya kiti.

Nikasikia nyayo zikisogea kwenye lori, zikasimama, kisha zikarudi kwenye mihogo. Nikamwambia Alfani twende, mandhari yametosha.

Sufuria nimerudi nayo. Nilisahau kuitoa.

Jumatano, 12 Juni

Hadithi inakwenda. Shujaa wangu ni Célestin, karani wa magazeni, kijana mwenye adabu, kola safi. Adui yake ni Mukendi, mwalimu mwenye baiskeli. Mukendi anamsingizia Célestin kwamba ameiba viatu vya Kampuni. Célestin anavumilia. Mwishoni ukweli unajulikana, na Célestin anapewa mkono na wakubwa wote kwa zamu.

Nimetumia wiki nzima kuuandika moyo wa Célestin. Leo nimeupeleka kwa Abbé Mwenze. Nikamsomea mahali ambapo Célestin yuko peke yake chumbani: “Ah, ukweli ni taa! Mimi sitamchukia adui yangu, bali nitaendelea na bidii, usafi na kuheshimu saa.” Abbé alifumba macho. Nilidhani ameguswa. Nikasoma kurasa mbili zaidi. Alikuwa amelala.

Alipoamka alisema Célestin anafikiri kama mtu anayejua kwamba Askofu amejificha chini ya kitanda chake. Alisema mtu akiwa peke yake hajihubirii. Hujidanganya, hujikatiza, hukumbuka mafuta ya taa yamekwisha. Kisha akaniuliza mbona Mukendi hana moyo. Nikamwambia Mukendi ni mtu mbaya. Akasema ndiyo, lakini hata mtu mbaya hukaa peke yake jioni.

Ushauri wa ajabu, lakini nimeona faida yake. Nikiuonyesha moyo wa Mukendi, kampi nzima itamwona Tshilombo jinsi alivyo. Kilichobaki ni kujua Tshilombo anafikiri nini.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemtembelea Tshilombo nyumbani kwake karibu na shule. Kisingizio: nilitaka kuuliza kama neno “fasihi” linaandikwa kwa s moja. Lengo: kumchungulia roho.

Alifurahi kuniona. Hiyo ilinitia shaka. Mke wake, Fidélie, alileta kahawa na maandazi. Tshilombo akanipa karatasi nzuri, akasema zangu za magazeni zinanyonya wino. Akaniambia hakuandika chochote kwa ajili ya shindano, kwa sababu Abbé amemwomba awe msomaji wa pili wa hadithi za wengine. Akasema ana hamu na yangu. Kisha, Fidélie alipotoka, akaniuliza taratibu kama nimepata habari za Mutoshi, na kama ningependa yeye na mke wake waende kunisemea.

Nilisema Mbombo anapumzika.

Nimekaa pale mpaka maandazi yakaisha, nikimtazama usoni. Sikupata wazo baya hata moja. Mtu huyu amejificha kwa ufundi mkubwa. Hakuna njia nyingine: itabidi niyatunge mwenyewe.

Jumamosi, 15 Juni

Ajabu ya ajabu. Célestin alinichukua wiki. Mukendi amenichukua jioni moja, kabla jua halijazama, bila kufuta neno.

Ili wasomaji wamdharau zaidi, nilimpa Mukendi mke aliyemkimbia. Kisha nikamketisha mezani peke yake kama Abbé alivyosema, nikangoja. Yakaja yenyewe. Nayanakili hapa kwa sababu nayaona ni mabaya vya kutosha:

“Nimechota unga wa watu wawili tena. Mkono huu mjinga. Haidhuru, utabaki, nitaula asubuhi. Kiti chake nimekigeuza kitazame mlango. Si kwa ajili yake, ni upepo. Akirudi nitasema ni paka aliyekisogeza. Hatuna paka. Nitatafuta paka. Walikuwa wananicheka mimi, si yeye. Yeye alijibu kama nilivyomfundisha, tena alijibu vizuri, alitabasamu. Mimi nikawatupia yeye, kama mtu anayewatupia mbwa mfupa ili apite. Basi nimepita. Nimepita nimefika wapi? Nitamwambia siku ile nilikuwa na homa. Hapana, ataniuliza mbona nilikula sana. Nitamwambia viatu vilinibana. Mtu akibanwa na viatu husema chochote. Sufuria yake ndogo ameiacha. Anayeondoka kabisa haachi sufuria. Au ameisahau. Ee Mungu, isiwe ameisahau.”

Mtu mbovu kabisa. Mwongo, mwoga, hata paka anamsingizia. Nimesoma tena mara nyingi. Sehemu ya sufuria ilinitia kitu machoni. Ni moshi wa mbabula, jiko letu la makaa.

Jumanne, 18 Juni

Hadithi imekwenda kwa Abbé jana. Leo kazi ni kumfikisha Mbombo ukumbini. Siwezi kumwita. Nikimwita nitakuwa nimemwomba.

Mpango: Alfani anakwenda Mutoshi kesho. Nilimwambia amweleze Mbombo kwamba ninaumwa sana, daktari ametikisa kichwa, na neno langu la mwisho ni kwamba aje Jumapili ukumbini. Alfani akauliza mgonjwa wa kufa atafanya nini ukumbini. Nikasema atasoma hadithi. Alfani akasema yeye hasemi uongo akiwa kwenye lori lenye breki zile, kwa sababu anaweza kukutana na Mola wake wakati wowote.

Nilimsihi. Alinisikiliza huku akikaza nati za gurudumu. Mwisho akasema atamwambia kuna hadithi, Jumapili, baada ya misa, na kwamba lori litakuwa na nafasi mbele. Ziada ya hapo niseme mwenyewe.

Marafiki ni wachache duniani.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeshinda!

Tshilombo mwenyewe alikuja magazenini kuniambia, amekimbiza baiskeli, taa inawaka. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Alisema aliposoma mahali Mukendi yuko mezani, aliacha kusoma akamwita Fidélie, wakasoma pamoja, na Fidélie akalia.

Nikamtazama vizuri. Mtu anasoma aibu zake mwenyewe na hajitambui! Nikamwuliza, kwa hila, kama Mukendi hakumkumbusha mtu fulani. Akasema ndiyo, alimkumbusha mtu. Akanipigapiga bega akaondoka.

Amejua. Ameumia. Karibu nimwonee huruma.

Nikapita kwa Abbé kumshukuru na kumwuliza ni wazo gani la Célestin lililompendeza zaidi. Alifikiri sana. Akasema Célestin ana kola safi.

Jumapili, 23 Juni

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nilivaa suti na viatu vyeusi. Mbele walikaa mapadre na wakubwa, nyuma yao wafanyakazi, kisha wanawake. Nilitafuta kwa macho safu kwa safu. Hayupo. Abbé akanikaribisha. Nikaanza.

Niliwapa Célestin kwa sauti kubwa, mkono juu. Watu wakaanza kukohoa. Mtoto mmoja akalia, mama yake akamtoa nje kwa haraka zaidi kuliko ilivyohitajika, na wengine wawili wakamsindikiza. Nilipofika kwenye “kuheshimu saa”, Mukalay wa reli aliitazama yake.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Alfani aliingia, amevua kofia. Nyuma yake Mbombo, kitambaa cha bluu kichwani. Alisimama ukutani, mikono imefungwa kifuani.

Sauti ikanipungua. Na ndipo zamu ya Mukendi ilipofika, kwa hiyo nikayasoma maneno yake kwa sauti ndogo, bila mkono wowote juu, kama mtu anayesoma peke yake. Kwenye unga wa watu wawili hakuna aliyekohoa. Kwenye “hatuna paka” wanawake walicheka, lakini si kicheko cha uani kwangu, kilikuwa kingine. Kwenye mbwa na mfupa hata wa madirishani waliacha kusukumana. Nilisikia taa ya ukumbi ikiyumba kwenye mnyororo wake.

Mama Kabedi akasema, wala si kwa kunong'ona: “Uyu mutu mi namujua. Ni jirani yangu.”

Nilishangaa. Tshilombo anakaa mbali kule shuleni. Mama huyu hajui hata majirani zake.

Nilipomaliza sufuria niliinua macho. Mbombo alikuwa akifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Kisha akageuka, akafungua mlango, akatoka. Akatoka! Zilikuwa zimebaki kurasa zile nzuri, ambamo Célestin anapewa mikono na kusema maneno yake ya mwisho. Nimezisoma zote, upesi, na sijui nilisoma nini. Wakapiga makofi. Wakanipa gramafoni, nzito kama mtoto wa ng'ombe. Watu walinizunguka kunishika mkono, na kila mmoja alinitazama kwa upole, kama watu wanavyomtazama aliyefiwa.

Nilimtafuta Alfani nje. Lori halipo. Basi, nikajisemea, amerudi naye Mutoshi. Nikachukua njia ya nyumbani na gramafoni begani, nikipumzika kila kona.

Nilipofika, moshi ulikuwa unatoka uani kwangu.

Alikuwa amewasha mbabula. Sufuria ndogo ilikuwa juu ya moto, sombe ya majani ya mihogo inachemka ndani yake. Hakugeuka. Nikaweka gramafoni chini. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu tarehe 3, hotuba nzuri, ya kumfanya mtu asamehe bila kuombwa msamaha. Sikuipata. Nikamwuliza kwa nini alitoka kabla Célestin hajashinda.

“Célestin mi simujui,” alisema. “Akae kwake.”

Nikamweleza kwamba Célestin ndiye mtu mwema katika hadithi.

“Mi nilirudi sababu ya Mukendi.”

Nikamweleza, taratibu, kwamba Mukendi ni mtu mbaya, mwongo na mwoga.

“Najua,” alisema. “Ni bwana yangu.”

Sikumwelewa. Nilidhani moshi umemwingia. Akageuka sasa, mwiko mkononi. Alisema Mukendi ameshasema lake mbele ya batu bote. Akauliza mimi nangoja nini.

Nilifungua mdomo. Maneno yote ya Kifaransa ninayoyajua yalipita, na ya Kiswahili, na ya nyumbani Kasai. Nikasema, “Mama, siku ile viatu vilinibana.”

Sijui yalitoka wapi. Mbombo alinitazama, mdomo ukaanza kumcheza, kisha akacheka mpaka akaweka mwiko chini na kujishika magoti. Mimi nikabaki nimesimama. Akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka. Halafu akaniambia nivue viatu niingie, chakula kimeiva.

Nimekula sana. Alikaa kwenye kiti chake. Nilikuwa nimesahau kukigeuza kutoka mlangoni, akakaa hivyohivyo, akitazama nje, mimi nikimtazama ubavuni.

Jumanne, 25 Juni

Nimepata siku mbili za kutafakari kwa utulivu, na nimelielewa jambo hili lote.

Kwanza: ushindi ni wa Célestin. Watu wanaona haya kusifu wema mbele ya wengine, ndiyo maana wanamtaja Mukendi tu.

Pili: watu hawajui tofauti kati ya mwandishi na mtu aliyemtunga. Leo dirishani wamekuwa wakiniita Tata Mukendi. Mukalay alipokea glavu zake akanisalimu kama tunavyosalimiana kwetu Kasai, “Moyo, Tata Mukendi,” wote wakaitikia. Nimewasahihisha mmoja mmoja. Foleni ikafika barabarani.

Tatu: wanawake wana udhaifu kwa watu waovu. Ni jambo la kusikitisha, lakini mwandishi lazima alijue alitumie.

Kwa hiyo nimeanza hadithi ya pili. Safari hii mtu mbaya atakuwa mwenye lori, Mwislamu wa Kasongo, anayejifanya hasemi uongo. Jina nimempa Asani, ili mtu asimtambue. Kitu pekee kilichokosekana ni kosa lake, na hilo limepatikana leo mchana bila kutafutwa. Mbombo aliuliza ni nani amekula karanga alizozificha kwenye kopo juu ya kabati. Nikamwambia ni panya. Akauliza panya gani anafunika kopo akimaliza. Nikamwambia panya wa Kolwezi wamezoea Kampuni, wana utaratibu. Akaenda kwa Mama Kabedi, na nikawasikia wote wawili wakicheka nyuma ya mashuka.

Nikaketi mara moja, nikamweka Asani peke yake mbele ya kopo tupu. Yakaja yenyewe: “Kama angezipenda sana asingezificha mahali ambapo mkono wangu unafika. Kuficha juu ya kabati ni kunikaribisha. Tena nilianza na moja tu, kuona kama zimeharibika. Ya pili ilikuwa kuhakikisha.”

Kurasa tatu, bila kufuta neno. Sielewi mawazo ya watu wa namna hii yananijia wapi, maana mimi mwenyewe sina hata moja. Ni kipaji.